Kuondoka, kukaa mbali na kurudi: mwongozo kwa askari mwenye familia

Nilikaa jeshini miaka 22. Katika miaka hiyo ndoa yangu ilitikisika vibaya mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nyumbani. Ya kwanza ilikuwa wiki mbili kabla ya safari, ya pili siku ya kumi baada ya kurudi. Miezi tisa niliyokuwa mbali hatukugombana kwa lolote la maana. Nilidhani ni sisi tu, mpaka nilipoanza kuwauliza wenzangu mmoja mmoja, tukiwa lindoni usiku. Wengi walikuwa na kisa hicho hicho. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea ncha mbili za safari. Katikati nitapita pia, ila kwa mwendo wa haraka.

Halafu kuna hili la mizani. Askari huambiwa aweke kazi na familia kwenye mizani, kila upande ukae sawa. Jeshi halikai sawa na kitu chochote. Likikuita saa nane usiku, unavaa buti unakwenda. Kinachowezekana ni kupokezana zamu: kuna miezi kazi inakuchukua mzimamzima, na kuna miezi familia nayo ikuchukue hivyo hivyo. Wengi wetu tunaiharibu ile zamu ya pili. Tunairudisha miili nyumbani halafu jioni zote tunazimalizia kantini.

Hatua ya 1: Jueni mnakabiliana na kuondoka kwa namna gani

Kuna zamu na lindo, usiku mmoja au miwili nje. Kuna zoezi la porini la wiki mbili tatu. Kuna kozi, ambayo inaweza kumeza mwaka lakini simu inashika na hatari ni ndogo. Kuna operesheni na misheni. Kikosi kinachokwenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida hukaa karibu mwaka 1 ndipo kibadilishwe na kingine. Na kuna uhamisho. Huu wengi hawauhesabu, kwa kuwa familia inaweza kufuatana nawe. Kwangu mimi ndio uliovuruga mambo kuliko safari zote. Mtoto anahama shule katikati ya muhula, mwenzi anaacha kazi aliyoihangaikia miaka, na wewe kesho yake uko gwarideni, umeshapata wa kucheka nao.

Mwanzoni mwa kila mwaka kaeni na kalenda ya karatasi, ile kubwa ya ukutani. Karani wa kombania mara nyingi anaijua ratiba ya mafunzo kabla yako, kwa hiyo muulize. Kilichopangwa kiandikwe kwa penseli, kilichothibitishwa kwa kalamu. Penseli ina kazi yake: mwenzi aliyezoea kuiona haumii sana ratiba inapofutwa, na itafutwa. Safari za operesheni ziandikeni "mbali" basi, bila mahali wala jina la kikosi, maana wageni wakikaa sebuleni husoma kuta.

Katika kalenda hiyo hiyo, zungushieni siku tatu za familia ambazo utazipigania. Tatu tu. Askari anayeahidi kuwapo kila sikukuu, kila siku ya kuzaliwa na kila mkutano wa wazazi anajiandalia aibu. Chagueni tatu zenye uzito, kisha ziombee ruhusa mapema kwa maandishi.

Hatua ya 2: Tengenezeni faili moja

Faili liwe na nakala ya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za bima na za matibabu, mikataba ya nyumba au kiwanja, orodha ya akaunti na madeni, wosia wako, namba yako ya jeshi, na simu ya mtu mmoja kikosini anayebaki nyuma. Kama kuna mambo yatakayohitaji saini yako ukiwa mbali, nenda kwa mwanasheria ukaandike hati inayompa mwenzi wako mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Hati hiyo itaje mambo yenyewe na muda wa kuisha. Hati ya mamlaka yote, kwa muda wote, imewaponza watu waliokuwa wakipendana.

Kisha nenda ofisi ya utawala uombe kuona jalada lako. Usikubali kuambiwa "liko sawa, afande". Tazama kwa macho yako jina la ndugu wa kujulishwa na majina ya warithi. Uliyajaza ukiwa kuruta, hujaoa wala kuolewa, na hujaligusa tangu hapo. Ukiumia au ukifa, jeshi humtafuta aliyeandikwa. Nilimwona mke wa mwenzetu akipata habari za mumewe siku mbili baada ya watu wengine, kwa sababu jalada lilimjua mtu mwingine. Sitasema zaidi.

Mzazi anayelea peke yake, au wenza ambao wote wawili ni askari, wanahitaji karatasi moja ya ziada: mpango wa malezi ulioandikwa. Jeshi la Marekani huwalazimisha askari wa namna hiyo kuwa nao, na hata kama jeshi lako halikulazimishi, jilazimishe. Weka walezi wawili. Wa kwanza ni wa karibu, anayeweza kumfikia mtoto ndani ya saa moja ukiitwa ghafla. Jirani anafaa kuliko ndugu aliye mbali. Wa pili ni wa muda mrefu, atakayekaa naye miezi. Andika mtoto analala saa ngapi, ana mzio wa nini, anaogopa nini, na nani haruhusiwi kumchukua shuleni. Halafu ujaribu. Mpeleke mtoto akalale huko siku mbili wakati wewe upo karibu na simu. Mpango ambao haujajaribiwa utaujua kasoro zake siku mbaya.

Hatua ya 3: Posho si mshahara

Ukienda misheni mapato yanapanda, ukirudi yanashuka. Kati ya kupanda na kushuka watu wamekopa, wamejenga, wameongeza matumizi ya mwezi, na wengine wameolewa upya. Kanuni yetu nyumbani ilikuwa fupi: matumizi ya kila mwezi yatoke kwenye mshahara pekee, posho ya safari iwe na kazi moja iliyotajwa kabla ya kuondoka. Kulipa deni fulani. Ada ya miaka miwili. Paa. Kazi ikiisha, kilichobaki ni akiba.

Ndugu na marafiki nao wana hesabu zao kuhusu posho yako. Kubalianeni nani atasaidiwa na kwa kiasi gani, kisha anayebaki nyumbani apewe haki ya kukataa kwa jina lenu wote wawili. Mkimwacha aseme "nitamuuliza mwenyewe", mtapigiwa simu wote, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka mmoja alegee.

Hatua ya 4: Wiki za mwisho kabla ya kuondoka

Mwaka 1987 Mmarekani Kathleen Vestal Logan, aliyefanya kazi na wake za wanamaji, aliandika kwamba hisia za familia hupita hatua saba, kuanzia kabla ya safari hadi baada ya kurudi. Ya kwanza ni kuanza kuhuzunika mapema, mtu akiwa bado yupo. Ya pili ni kujitenga: mnalala kitanda kimoja lakini kila mmoja ameshaondoka moyoni. Nilipoijua habari hii nilikuwa nimeshaondoka mara nne, na nilitamani mtu angeniambia mapema. Ugomvi wetu wa wiki mbili kabla ya safari ulihusu bawaba ya mlango wa choo. Nilikuwa sijaitengeneza. Tulirushiana maneno hadi usiku wa manane, na hakuna aliyekuwa na shida na bawaba.

Dawa yake ni kuutaja ugomvi kwa jina lake. Kila tukianza kukwaruzana, mmoja aliruhusiwa kuuliza, "Hii ni bawaba?" Nusu ya magomvi yaliishia hapo. Nusu nyingine ilikuwa magomvi ya kweli, nayo tuliyamaliza, kwa sababu kuondoka na kisirani ni kumwachia mwenzako mzigo ambao hawezi kuutua.

Wiki hizo kikosi nacho kinakuvuta: kukagua silaha, chanjo, kufunga vifaa, paredi juu ya paredi. Utarudi nyumbani umechoka na kichwa kimeshafika uendako. Tenga jioni mbili kwa wiki zisizo na begi wala buti mbele ya macho. Begi likikaa wazi sebuleni wiki nzima, watoto hulizunguka kama maiti.

Kuhusu watoto, mengi yanategemea umri.

Wa chini ya miaka mitatu hajui miezi sita ni nini. Anajua harufu, sauti na mazoea. Mwachie fulana uliyoivaa bila kuifua, mrekodie sauti yako ukimsimulia hadithi ile ile anayoipenda, na wimbo wa kulalia usibadilike. Wa miaka minne hadi sita ana tabia ya kudhani yeye ndiye sababu: alivunja kikombe, kwa hiyo baba ameondoka. Mwambie wazi, tena zaidi ya mara moja, kwamba safari ni kazi na hakuna alichokosea. Wa shule ya msingi anataka mambo: utalala wapi, utakula nini, nani atakufulia. Mjibu. Kijana wa miaka 13 na kuendelea atajifanya hajali, naye mfuate chumbani kwake ukae kimya naye hata robo saa.

Kuna sentensi moja naomba ife kabisa midomoni mwa askari: "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Mtoto wa miaka tisa akiambiwa hivyo anaiamini. Analala vibaya, anamlinda mama yake, anawaamrisha wadogo zake, na ukirudi unakuta mpinzani. Mwambie, "Endelea kuwa mtoto, mama anatosha."

Wala usitoroke alfajiri watoto wakiwa wamelala ukidhani unawapunguzia machozi. Watalia, na ni sawa. Akiamka akakuta umetoweka, kila siku ataogopa kulala. Aga jioni, aga tena asubuhi, kwa ufupi, kisha ondoka kweli. Kuaga kwa kurudi mlangoni mara tatu kunatesa kila mtu.

Wengi huweka chupa yenye kokoto za siku zilizobaki, mtoto akitoa moja kila siku. Mimi naipinga. Tarehe za kurudi husogezwa, na mtoto aliyetoa kokoto ya mwisho akakukosa mlangoni hatakuamini tena kirahisi. Hesabuni kwa kuongeza: kila wiki iliyopita, kokoto moja inaingia. Safari ikirefushwa, chupa inajaa zaidi tu.

Hatua ya 5: Ukiwa mbali

Kubalianeni juu ya kiwango cha chini cha mawasiliano, siyo cha juu. "Angalau mara moja kwa wiki, mtandao ukiruhusu" ni ahadi inayotimizika. "Kila siku saa mbili usiku" itavunjwa wiki ya pili, na kila usiku wa simu kimya nyumbani kutakuwa na kilio.

Familia ijue mapema kitu kimoja ambacho hakisemwi sana. Askari akiuawa au kujeruhiwa vibaya, majeshi mengi hufunga simu na intaneti za kambi mpaka familia yake ijulishwe rasmi. Kwa hiyo ukimya wa ghafla wa siku mbili mara nyingi maana yake ni kwamba wewe ni mzima na unasubiri mawasiliano yafunguliwe. Mke wangu alisema sentensi hiyo moja ilimsaidia kuliko maombi ya jirani, ingawa maombi hakuyakataa.

Ujumbe na barua zitieni namba. Vitu hufika kwa fujo, na namba 14 ikifika kabla ya namba 12 mtu huelewa kwamba lile neno kali lilishaombewa radhi. Kila mmoja aandike daftari dogo la mambo ya kusimulia, maana simu ikishashika mtu husahau yote akabaki kuuliza "mwaonaje huko". Mwombe mtoto akueleze kitu kimoja alichojifunza, ukiulizie tena wiki inayofuata. Mtoto hupima mapenzi kwa kumbukumbu yako.

Kuhusu habari mbaya za nyumbani, kila nyumba iamue kabla ya safari. Sisi tulikubaliana hivi: kilichokwisha kutatuliwa nitaambiwa kikiwa kimetatuliwa, kinachohitaji uamuzi wangu nitaambiwa leo, na msiba nitaambiwa kupitia kikosi ili kamanda ajue kabla sijarudi lindoni. Hili la mwisho lina sababu. Askari aliyepata habari ya msiba kwenye simu yake ya mfukoni, dakika kumi kabla ya doria, ni hatari kwake na kwa walio nyuma yake.

Usalama. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia ya njia ambazo watumiaji wake hukimbia. Januari 2018 watu wakagundua kwamba katika maeneo ya jangwa yaliyo matupu kuna vijimstari vinavyong'aa: askari waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao, saa za mazoezi zikiwa mkononi. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye simu na saa, yako na za familia. Nyumbani wasiweke mtandaoni tarehe ya kuondoka, ya kurudi, wala picha inayoonyesha kwamba nyumba haina mtu mzima wa pili. Picha ya kumkumbatia baba uwanjani itapendeza vilevile ikiwekwa wiki moja baadaye.

Mengine ya katikati yatajipanga. Nyumba hupata mwendo wake mpya, mwenzi hugundua anaweza kutengeneza bawaba mwenyewe. Na hapo ndipo kazi ngumu inapojificha.

Hatua ya 6: Kurudi

Siku niliyorudi kutoka ile miezi tisa, binti yetu alikuwa na miaka miwili na nusu. Alikaa mapajani pangu kwa adabu, akaniangalia, kisha akamgeukia mama yake: "Tumpigie baba." Baba alikuwa anaishi kwenye simu. Mimi nilikuwa mgeni mwenye sauti inayofanana naye.

Nilipaswa kuelewa hapo hapo. Badala yake, kesho yake nilikagua nyumba kama ninavyokagua bweni. Nikauliza kwa nini vyombo vimehamishwa, nani aliruhusu mtoto mkubwa alale saa nne, hela hii ilikwenda wapi. Siku ya kumi mke wangu alinijibu kwa utulivu ambao sijausahau: "Tulikuwa tunaishi vizuri hapa." Miezi mingi ilipita ndipo nikakubali kwamba alisema kweli, na kwamba ile ilikuwa sifa kwa kazi aliyoifanya.

Kwa hiyo fanya hivi.

Wiki mbili za kwanza wewe ni mgeni. Mgeni haamrishi, anauliza: "Siku hizi mnafanyaje hili?" Omba kazi moja ya nyumbani, uifanye kila siku kwa saa ile ile. Kumpeleka mtoto shule ni nzuri kuliko zote, maana mnatembea pamoja na hakuna anayelazimika kuongea. Nidhamu ya watoto iache mikononi mwa aliyekuwepo. Mtoto akikujia na "mama amenikatalia", jibu lako ni "basi mama amekataa".

Mtoto mdogo asilazimishwe kukukumbatia. Kaa sakafuni, shughulika na kitu chake cha kuchezea, usimwangalie sana. Atakuja. Binti yetu alichukua siku sita, na alipokuja alinipa kiatu chake nimfunge.

Wiki ya tatu au ya nne, kaeni wawili mgawane upya majukumu. Logan naye aliiweka hatua hii katika zile saba zake: ndoa hujadiliwa upya baada ya kurudi, hata kama hakuna aliyekaa mezani kuijadili. Afadhali mkae. Aliyebaki aseme ni mambo gani anataka kuyarudisha kwako na yapi anataka kuendelea nayo. Mke wangu hakurudisha hesabu za nyumba. Nilinung'unika siku mbili hivi, halafu nikaona mikopo yangu inaisha.

Ndugu watataka kuja kukuona siku hiyo hiyo. Wapangieni siku, baada ya wiki ya kwanza. Mwenzi ndiye asiseme, wewe useme, ili lawama ikufuate wewe.

Na tendo la ndoa, kwa kuwa hakuna anayeliandika: matarajio huwa makubwa, miili huwa na aibu. Msiufanye usiku wa kwanza kuwa mtihani. Kwanza muwe tena watu wanaocheka pamoja.

Hatua ya 7: Kama umerudi na kitu kingine

Kulala kwa kushtuka, kukaa ukiwa unautazama mlango, kukasirika kwa kishindo cha sufuria, kukwepa watu: wiki za mwanzo ni mwili ambao bado uko kazini. Mwenzi asimwamshe askari aliyelala kwa kumshika. Asimame mlangoni amwite jina. Gari liendeshwe kwanza na mwingine.

Mambo hayo yakipita mwezi 1, au yakizidi kuwa makali, ni suala la daktari. Kiwewe cha vita kilipewa jina katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari wa Vietnam kurudi nacho makwao kwa maelfu. Kina matibabu, na mengi yake ni mazungumzo yaliyopangwa na mtaalamu. Pombe haimo. Nimewazika wawili waliojitibu kwa pombe.

Wengi huogopa kwamba wakienda hospitali ya jeshi cheo kitakwama. Hofu hiyo ina msingi mahali pengine, siwezi kukudanganya. Anza basi kwa padri au imamu wa kikosi, au mshauri wa nje ya jeshi, mradi uanze. Ila mtu akisema anataka kujiua, utaratibu wote huo haupo tena: silaha itoke ndani ya nyumba sasa hivi, asiachwe peke yake, aende kwa daktari leo. Na hata siku za amani, kama kanuni zako zinakuruhusu kuwa na silaha nyumbani, ifungiwe kwenye kasha lake, risasi zifungiwe kwenye kasha lingine, na funguo usimwambie mtoto zilipo hata akiwa na akili namna gani.

Hatua ya 8: Mama askari

Aliyovumilia mwanajeshi mwanamke hayakuwa yangu, kwa hiyo hapa narudia niliyofundishwa na sajenti wa kike niliyefanya naye kazi.

Soma kanuni za uzazi za jeshi lako kabla hujapata mimba, siyo baada. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataja likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, lakini majeshi mengi yana kanuni zake, na kuna ambayo hutaja hata miaka ya utumishi inayotakiwa kabla ya kuzaa. Ukishajua, omba kwa maandishi uondolewe kwenye kazi za risasi na kemikali mapema. Ukirudi kazini ukiwa bado unanyonyesha, omba chumba na muda wa kukamua, pia kwa maandishi, ukitaja saa zenyewe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 nje mahali pasipo na joto kali, na hadi siku 4 kwenye friji. Kamanda anaelewa saa na siku kuliko anavyoelewa maelezo marefu.

Baba anayebaki na mtoto mama akiwa misheni atachekwa. Sajenti yule alikuwa na jibu kwa ajili ya mumewe: "Waambie mkeo yuko kazini, wao wake zao wako wapi?" Sijui kama lilisaidia, lakini walilipenda.

Hatua ya 9: Kuongea na kamanda

Kamanda hawezi kulinda kitu asichokijua. Omba kuonana naye kwa utaratibu, peleka ombi moja, liwe na tarehe na suluhisho: "Afande, mtoto anafanyiwa upasuaji tarehe 12. Naomba siku tatu. Koplo fulani amekubali kushika zamu zangu, nami nitashika zake wiki inayofuata." Hilo linajibika kwa dakika moja. Ukifika na malalamiko ya miaka mitatu kwa mkupuo mmoja, utaambiwa uvumilie.

Na ukiwa wewe ndiye kamanda, hata wa watu wanane tu, wape vijana wako ratiba mapema na usiwaweke kambini jioni kwa sababu wewe mwenyewe huna pa kwenda.

Hatua ya 10: Kazi ya mwenzi, na siku ya kuvua gwanda

Kila kozi, kila kupandishwa cheo na kila mkataba mpya una gharama inayolipwa na mtu ambaye hakupanga mstari. Kabla ya kusaini, muulize mwenzako yeye anataka kufanya nini miaka mitatu ijayo, kisha muone kama vyote viwili vinaingia. Visipoingia, mpokezane: mkataba huu wako, unaofuata mnaamua kwa kazi yake. Liandikeni, maana miaka mitatu ni mingi na kumbukumbu ya askari kuhusu ahadi za nyumbani ni fupi. Na mtafute kazi au ujuzi unaobebeka: ualimu, uuguzi, ushonaji, kazi za kompyuta, chochote kisichokufa kila mkihamishwa.

Kustaafu ni kurudi kwa mara ya mwisho, na ni kurudi kugumu kuliko yote kwa sababu hakuna safari nyingine mbele ya kuwapumzisha. Anzeni kukipanga mwaka mzima kabla. Pensheni ni kiasi gani, mtaishi wapi, na wewe utakuwa unafanya nini saa tatu asubuhi siku ya Jumanne. Swali la Jumanne lijibiwe kwa kitu halisi.

Mimi sikulijibu. Jumatatu yangu ya kwanza ya uraiani niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapiga buti rangi hadi zikang'aa, kisha nikakaa nazo ukumbini sina pa kwenda. Mke wangu alitoka chumbani, akaziangalia, akaniwekea mbele jozi mbili za viatu vya shule vyenye matope. Akasema gari la watoto linapita saa kumi na mbili na nusu.